Vigae 400, mafungu 31: nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia. Nimekabidhiwa masanduku mawili ya vigae vya mitungi na vyungu vya kale, vigae 400 hivi, nivipange kwa aina. Nilianza na rangi, nikaishia na mafungu 31, mengine yana kigae kimoja tu. Nikajaribu matumizi, yaani mtungi wa maji, wa mafuta, wa nafaka, nikakwama zaidi. Je, nianze na rangi, umbo au matumizi? Na vipande vya tumbo visivyo na mdomo wala kitako nivifanyeje?

JIBU: Anza na udongo, kisha umbo. Rangi iandike pembeni tu, na matumizi yaache hadi mwisho kabisa.

Rangi imewaponza wengi, na mimi nimo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliweka kigae cheusi fungu hili na chekundu fungu lile, kila kimoja na namba yake. Mwenzangu akapita, akavitazama, akavichukua na kuvigusanisha. Vikashikana bila mwanya. Kilikuwa chungu kimoja, kilichovunjika na kisha kipande chake kimoja kikaungua motoni. Hata pasipo ajali ya namna hiyo, mtungi mmoja huweza kutoka tanurini ukiwa mwekundu upande uliopata hewa na mweusi upande ulioikosa, kwa sababu chuma kilichomo katika udongo hubadilika rangi kulingana na hewa. Kwa hiyo rangi husimulia zaidi habari za moto. Ukiiandika, linganisha na chati ya Munsell, yaani kitabu cha vibandiko vya rangi sanifu zenye namba, kigae kikiwa kikavu na mwanga ukiwa uleule kila siku. "Hudhurungi iliyokolea kidogo" haina maana kwa mtu mwingine.

Sasa udongo. Omba ruhusa ya msimamizi, chukua koleo, umegue kipembe kidogo kwenye ukingo wa kigae, lakini kamwe usiguse mdomo wala sehemu yenye nakshi. Mvunjiko wa zamani umechafuka na kuliwa na ardhi, huo mpya ndio unaosema kweli. Uinamie na lenzi ya kukuza mara 10. Utaona chembe ndani ya udongo: mchanga, kokoto, vigae vya zamani vilivyosagwa, au vitundu vyembamba virefu ambamo majani makavu yaliungua. Angalia ukubwa wake, wingi wake, na kama zimelainika au zina ncha. Chembe zilizoviringika kwa kawaida zimesafirishwa na maji au upepo, ilhali zenye ncha kali huenda zilipondwa na mfinyanzi mwenyewe. Chembe nyeupe idondoshee asidi hafifu ya haidrokloriki, ukiwa umevaa glavu na miwani. Ikitoa povu ni chokaa, isipotoa huenda ni kwatzi. Tazama pia katikati ya mvunjiko. Mstari mweusi ulio kati ya kingo mbili nyekundu maana yake mabaki ya majani au mimea hayakuwahi kuungua yote, aidha moto ulikuwa wa muda mfupi au hewa ilikuwa haba. Huo usiutumie kutenga aina.

Sitashangaa mafungu yako 31 yakibaki sita au saba.

Ndani ya kila fungu la udongo ndipo utenge kwa umbo, na hapo midomo ndiyo mali. Weka mdomo wa kigae kifudifudi juu ya ubao ulionyooka, ukiyumbishe taratibu mpaka mwanga usipenye chini yake. Hivyo ndivyo chombo kilivyosimama, ila kwa kupinduliwa. Kisha kilinganishe na kadi yenye miduara ya vipimo, upate kipenyo na asilimia ya duara iliyobaki. Chini ya asilimia 5 mimi siamini kipenyo ninachokipata. Swali la kwanza la umbo ni rahisi: je, mdomo ni mwembamba kuliko tumbo? Hilo tayari limetenga mitungi na mabakuli. Baada ya hapo fuata shingo, pembe ya bega, masikio (yaani mikono ya kushikia), kitako.

Aina ipe namba, usiipe jina la kazi. Mwanaakiolojia Mjerumani Heinrich Dressel alipopanga mitungi ya mizigo ya Waroma, katika jedwali lililochapishwa mwaka 1899, alitumia namba tupu, na hadi leo tunasema Dressel 20 kwa ule mtungi wa mviringo uliobeba mafuta ya mizeituni kutoka kusini mwa Hispania. Mtungi huo ukiwa mtupu una uzito wa kilo 30 hivi, na kilima cha Monte Testaccio mjini Roma kwa sehemu kubwa ni vigae vyake. Yale mafuta yalikuja kuthibitishwa kwa ushahidi, lakini namba haikuyahitaji. Tena mitungi ya namna hiyo ilipokwisha kazi iligeuzwa mifereji ya maji, hata majeneza ya watoto wachanga. Sasa ungeiita mtungi wa nini?

Mwaka huohuo wa 1899 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alieleza jinsi alivyopanga makaburi ya kale ya Misri kwa mfuatano wa vyungu vyake, bila tarehe hata moja. Kamba aliyoishika ilikuwa mitungi yenye mikono ya mawimbi: mwanzoni mkono ulikuwa wa kushikia kweli, kadiri muda ulivyopita ukasinyaa hadi ukawa mchoro tu mwilini. Kwa hiyo usidharau sikio dogo lisiloshikika. Lakini mfuatano wa umbo peke yake hausemi upi ni mwanzo na upi ni mwisho, ndiyo maana lebo ya tabaka, yaani safu ya ardhi ambamo kigae kilipatikana, haitoki kwenye mfuko wake hata kwa dakika moja. Kigae kisicho na tabaka kinabaki pambo.

Vya tumbo navyo vina lake. Geuza upande wa ndani. Michirizi myembamba inayokwenda sambamba ni ya gurudumu la mfinyanzi, nayo itakusaidia kukisimamisha kigae sawasawa kwa kuwa hulala mlalo. Mabonde yasiyo sawa ya vidole, au mvunjiko uliofuata mstari mnyoofu, huashiria pindi za udongo zilizopandishwa kwa mkono. Pima unene, tazama mkunjo, kisha virudishe kwenye mafungu ya udongo. Uvihesabu na uvipime uzito, vyote viwili, kwa sababu balasi moja likipasuka hutoa vigae vingi kuliko kikombe, na vizito zaidi. Ukitaka kipimo cha kulinganisha wingi wa vyombo, si idadi yao halisi, jumlisha zile asilimia za midomo: 15, 25 na 60 za aina moja zinakupa chombo kimoja, hata kama vilivunjika vitatu.

Vitakavyokushinda vifungie mfuko wa "havijatambuliwa" na uandike uzito wake kwenye ripoti. Na kabla hujagusa brashi ya kuoshea, tenga vile vyenye utando mweusi ndani: maabara inayotafuta mabaki ya mafuta au chakula inavitaka vikiwa vichafu.