Chatu mgeni hataki kula na anajificha mchana kutwa: je, anaumwa?

SWALI: Daktari, asalaam alaykum. Tunaishi Leeds, Uingereza. Siku 12 zilizopita tulimnunulia mwanangu wa miaka 13 chatu wa kifalme, dume, mwenye gramu 420. Muuzaji alisema anakula vizuri, lakini kwetu amekataa panya mara mbili, siku ya pili na siku ya saba. Mchana kutwa amejibana pembeni, usiku anasukuma kioo kwa pua. Kizimba ni cha kioo, urefu sentimita 120. Ndani mna gogo moja lililo wazi pande zote mbili na bakuli la maji, na chini kuna mkeka wa joto. Kipimajoto kilichobandikwa kiooni kinasoma digrii 29. Mwanangu humtoa kila jioni ili amzoee. Je, anaumwa? Au tumhamishie kwenye boksi dogo?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Kwa ulivyonieleza, huyu ana hofu. Dalili ya ugonjwa sijaiona. Boksi msimhamishie, maana kila akihamishwa anaanza ugeni upya.

Chatu wa kifalme kwao ni Afrika Magharibi na Kati, na upande wa mashariki anafika hadi Uganda. Huko mchana hulala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, usiku ndio hutoka kuwinda. Kwa hiyo kujificha mchana kutwa ndiyo tabia yake njema. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wako anajibana pembeni badala ya kuingia gogoni, na nadhani sababu ni hilo gogo lenyewe. Pango lenye milango miwili kwa nyoka si pango, ni njia ya kupita. Adui anaweza kumjia mbele au nyuma.

Mtafutie maficho mawili yenye mlango mmoja mdogo kila moja. Hata chombo cha plastiki cheusi kilichopinduliwa na kukatwa tundu kinatosha, mradi kingo za tundu uzilainishe kwa msasa. Kipimo ni hiki: akijiviringa ndani, ubavu wake uguse kuta na mgongo ukaribie dari. Watu wengi humwonea huruma wakampa nafasi, na ile nafasi ndiyo inayomtisha. Ficho moja liweke upande wa joto, la pili upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Pande tatu za kioo zifunike kwa nje kwa karatasi nyeusi, na katikati ya kizimba jaza majani bandia, maganda ya miti na matawi, asivuke uwanja mtupu kila akitaka kunywa maji. Ukubwa wa kizimba hauna kosa, utupu ndio wenye kosa.

Niliwahi kuletewa chatu kama huyu aliyekuwa hajala wiki 7. Nilimpima kinywa, mapafu na choo, nikakuta mzima. Nikaomba picha ya kizimba. Kilikuwa kioo kitupu kando ya televisheni, watoto wakipita mbele yake siku nzima. Sikumpa dawa yoyote. Walimpa maficho mawili na kuzungushia kadibodi, wakamwacha. Siku ya 11 alikula.

Sasa joto. Kipimajoto cha kubandika kiooni hakikuambii kitu, kwa sababu nyoka halali kiooni. Nunua cha dijitali chenye waya, ncha yake ya kupimia ikae sakafuni ndani ya ficho la upande wa joto. Hapo pasome digrii 31 hadi 32, upande wa baridi 25 au 26. Akipoa mno, tumbo haliwezi kusaga chakula, na mara nyingi mwenyewe anajua, hivyo anakataa kula. Mkeka lazima uwe na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Hujaitaja, na kama hamna, tafadhali inunueni leo kabla ya kingine chochote. Mkeka usiodhibitiwa huunguza ngozi ya tumbo, na nyoka hachelei kulala juu yake hata unapomchoma. Unyevunyevu uwe kati ya asilimia 60 na 70. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa sana kuwa matandazo, na kama kifuniko ni cha wavu, kifunike kiasi unyevu usitoroke.

Kwa mwanao, najua nitakalosema ni gumu. Asimshike kabisa mpaka ale mara tatu mfululizo bila kutapika. Abadilishe maji, aondoe choo, basi. Kumtoa kila jioni hakumfundishi kumzoea. Kunamfundisha kwamba kila jioni kuna mkono unashuka kutoka juu, na kwao kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Baada ya hapo aanze kwa dakika 5, akimbeba kwa kumpitishia mkono ubavuni, na asimguse siku 2 baada ya kila mlo. Mikono aioshe kwa sabuni kila mara, kwani nyoka hubeba salmonella, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima.

Chakula msimpe mpaka zipite siku 7 tangu mmalize kupanga kizimba. Chukueni panya aliyegandishwa wa gramu 40 hivi, mumwache ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, kisha mumtumbukize kwenye maji ya moto akiwa ndani ya mfuko, kichwa kiwe na joto la mwili. Maikrowevu msiitumie. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya wa baridi kwake si chakula. Taa zikishazimwa, mshikeni panya kwa koleo refu karibu na mlango wa ficho, bila kumgusa nyoka usoni. Asipomchukua ndani ya dakika chache, mwacheni panya mlangoni hadi asubuhi. Akikataa, subirini siku 7 hadi 10 ndipo mjaribu tena. Kumjaribu kila siku kunamzidishia hofu.

Mpimeni mara moja kwa wiki kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya boksi. Akishuka chini ya gramu 380, mleteni kwa daktari. Mleteni siku hiyohiyo bila kungoja mizani akipumua kinywa wazi, akitoa mapovu au mlio wa kukoroma, au mkiona vidoa vyeusi vinavyotembea kati ya magamba na kuzunguka macho. Hao ni utitiri. Tazameni na ile pua. Ikichubuka kwa kusukuma kioo, nitumie picha yake pamoja na picha ya kizimba kipya.