Karakana ya Wasomaji: bodi ya omweso kwenye CNC ndogo, na mengine

Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya hizi CNC ndogo, mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, na karibu yote yanahusu ile ya 3018 ambayo watu wanaiagiza ikiwa vipande vipande kwenye boksi halafu wanaifunga wenyewe mezani. Hiyo namba ni vipimo tu, sentimita 30 kwa 18, na kwenda juu na chini inasogea kama milimita 45. Mota yake ya kuzungusha biti, yaani kile kisu kinachochonga, ni ndogo sana jamani, ya volti 24. Nawaomba muishike hiyo kichwani kabla hamjaniuliza kama inaweza kuchonga mlango.

*Habari ya kazi mzee. Mimi seremala hapa Jinja. Nataka kuchonga bodi ya omweso, ule mchezo wetu wa bao, kwa mbao ya mvule, natumia biti ya milimita 3 na nimeiseti ishuke milimita 3 kila raundi. Mstari wa kwanza wa mashimo unatoka safi, wa pili unaanza kuhama, wa tatu mashimo yanaingiliana kabisa, na mota zinanguruma kama zinasaga mawe. Wenzangu wanasema nimeuziwa feki. Nifanyeje?* – Seremala, Jinja

Nzuri ndugu yangu. Feki hapana, mashine umeibebesha mzigo. Hizi stepa mota, zinazosogeza biti huku na huku, hazina macho, zinaambiwa piga hatua kadhaa zinapiga, sasa biti ikikwama kwenye mbao hatua zinapotea na kompyuta haina habari, inaendelea kuchonga ikidhani iko palepale, ndo maana yakishahama hayarudi tena. Na kwa sababu mstari wa kwanza ulitoka sawa, usiende kugusa seti za hatua kwa milimita, hizo zingekuwa na kosa hata shimo la kwanza lingekuwa limekosea kipimo. Kabla ya kubadilisha chochote chukua kalamu ya maka, chora mstari mmoja unaopita juu ya shafti ya mota, kaplingi (kile kiungio), na ile skrubu ndefu, halafu chonga kidogo uangalie. Mstari ukikatika, ni kaplingi imelegea inateleza, kaza skrubu zake ndogo na kazi imeisha. Mstari ukibaki umenyooka basi ni mzigo.

Na mzigo wako nauona kutoka huku Kampala. Milimita 3 kwa raundi kwenye mvule ni kazi ya mashine nzito, wewe weka nusu milimita, mwendo milimita 500 mpaka 600 kwa dakika, halafu tumia masikio. Sauti ikiwa nyororo na takataka zinatoka kama vipande vidogo uko sawa, ikianza kulia punguza mwendo, na ukiona unga mtupu na harufu ya kuungua ujue biti imeisha makali. Kwenye mvule hiyo ya makali itakupata tu, maana mti huu unaweka chokaa ngumu ndani yake, mafundi wanaita mawe, na wewe seremala bila shaka msumeno wako umeshakutana nayo. Biti nyembamba ikigonga jiwe la namna hiyo inavunjika palepale. Ndo maana mimi bodi ya kwanza ningeichonga kwa musizi, mbao nyepesi isiyo na ubishi, mvule ije ukishaizoea mashine. Tena vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, CNC inalitoa laini kuliko randa, kwa hiyo barakoa ni lazima hata kama wateja wanakucheka.

Sasa vipimo, maana hapa wengi wanakwama. Omweso ni mistari 4 ya mashimo 8, jumla 32, na empiki, yaani kete, 64. Shimo likiwa na upana wa milimita 28, na kutoka katikati ya shimo moja mpaka katikati ya lingine 34, urefu wote wa mashimo unakuja 266 na upana 130, inakaa kwenye mashine na nafasi ya klampu inabaki. Itakuwa bodi ya kubeba kwenye begi, empiki za kawaida zitajaa haraka, weka maharage madogo. Kina nacho kina hesabu yake. Ukitaka milimita 12 kwa nusu milimita kila raundi, kuchimba peke yake ni zaidi ya saa tano, ukikubali milimita 8 inashuka mpaka saa tatu na kidogo, na hapo sijaweka muda wa biti kupanda na kushuka wala ile raundi ya mwisho ya biti yenye ncha ya duara inayolainisha bakuli la shimo. Mimi nachukua 8. Wazee wa omweso watanung'unika lakini wao hawalipi umeme wako.

Jambo la mwisho kwako, kufunga mbao. Klampu mbili za upande mmoja hazitoshi, mbao inatikisika kidogo tu na wewe unalaumu mashine. Weka nne, au fanya ule ujanja wa gundi: bandika masking tepu kwenye ubao wa chini, bandika nyingine mgongoni mwa mbao, halafu supaglu katikati ya tepu mbili. Inashika kama imepigiliwa na ukimaliza unabandua bila kovu.

*Hii mashine inachonga chuma?* – Kijana wa Katwe

Chuma hapana. Alumini inakubali kwa shida, biti ya jino moja, raundi ya 0.1 ya milimita, tone la mafuta, na subira ya mvuvi. Kibao cha jina cha shaba ya njano, kuchora juu juu tu, hapo inafanya vizuri na kuna hela. Ila mihuri ya ofisi za watu usiniulize, najua mnakoelekea.

*Shikamoo kaka. Natengeneza redio na chaja za sola hapa Busia, nimeanza kuchonga saketi kwenye bodi ya kopa badala ya kutumia asidi. Upande mmoja njia zinatoka nyembamba vizuri, upande mwingine biti haigusi kopa kabisa, nikiishusha upande wa kwanza unaliwa wote. Bodi ni mbovu?* – Dada wa redio, Busia

Marahaba dada. Bodi ni nzima, imepinda tu, na zote zimepinda. Kopa yenyewe kwa kawaida ni unene wa milimita 0.035, sasa meza ikiinama hata robo milimita wewe umekwisha. Na biti ya V inapanuka kadiri inavyoshuka, ile yenye pembe ya nyuzi 20 na ncha ya 0.1 ikiingia 0.1 inakata upana kama wa 0.135, ikiingia 0.3 inafika 0.2, na kama pembe ni nyuzi 60 inaruka mpaka karibu 0.45, hapo njia zako zimeliwa.

Dawa yake ni kuipima bodi kabla ya kuchonga. Programu ya Candle, ya kuiongoza mashine kutoka kwenye kompyuta, ina kitu cha ramani ya kimo: unaunganisha waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye kopa kwa klipu, zote mbili unazipeleka kwenye pini za probu, za kupimia, kwenye bodi ya mashine, mashine inagusa bodi sehemu nyingi inaandika kila mahali pako juu au chini kiasi gani, halafu inarekebisha kina yenyewe wakati inachonga. Usisahau kutoa klipu kabla hujawasha mota ya biti. Ukichora saketi kwa programu ya KiCad na kuipitisha FlatCAM, inayogeuza mchoro kuwa njia za biti, hakikisha upande wa chini umeugeuza kama kwenye kioo, la sivyo utachonga saketi nzuri sana ambayo IC, ile chipu, haiingii. Na lile vumbi ni la nyuzi za kioo, ufagio hapana, futa na kitambaa kibichi, watoto wakae mbali.

*Umeme unakatika katikati ya kazi. Ukirudi mashine haijui ilikuwa wapi na mbao yangu inaharibika. Ninunue jenereta?* – Msomaji, Mbale

Jenereta kwa mashine hii ni hasara tupu, yote inakula kama wati 120 na pungufu. GRBL, ile programu inayokaa ndani ya bodi ya mashine, umeme ukikatika inasahau iko wapi. Ile sifuri ya kazi ukiiweka kwa amri ya G10 L20 inabaki kwenye kumbukumbu (ya G92 inapotea), lakini inapimwa kutoka nyumbani kwa mashine, sasa kama huna swichi za nyumbani, hizo ndogo za pembeni zinazobonyezwa, haikusaidii kitu. Zifunge, ni za bei ndogo, ukiwasha unairudisha nyumbani kwanza, inaipata tena sifuri yako karibu kabisa na pale pale.

Kama hutaki kufunga swichi, kabla ya kuanza toboa tundu dogo kwenye kona ya mbao itakayotupwa na uliite sifuri, umeme ukirudi unaishusha biti kwenye tundu hilo kwa mkono. Kisha usiianze faili mwanzo, tafuta mstari iliposimamia, rudi nyuma mistari kadhaa, ila hakikisha ile mistari ya juu kabisa yenye G21 (vipimo kwa milimita) na G90 (kupima kutoka sifuri) na M3 (kuwasha mota ya biti) inasomwa kwanza. Ukiiruka M3 biti itaingia kwenye mbao ikiwa haizunguki.

Na kama una betri mbili za volti 12, zifunge mfululizo upate 24, weka fyuzi, mashine ikitumia hizo tangu mwanzo inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ila zisiwe zinachajiwa na sola wakati huohuo, volti zinapanda kupita 28. Laptopu ina betri yake, wewe izime tu ile seti ya kulala, maana ikisinzia katikati ya kazi matokeo ni yaleyale ya umeme kukatika.