“Mshale wa Saa” ni Upi?

SWALI: Ninaunda saa kubwa ya ukutani. Kila mshale una mota yake ya umeme, na mota zote zinaongozwa na saketi. Nimeandika maelekezo ili wenzangu nao waweze kuiunda. Mmoja ananiambia niandike “mikono ya saa”, mwingine anataka “akrabu”, mimi nimezoea “mishale”. Lipi ni sahihi? Naomba pia unisahihishie sentensi hii: “Kabla ya kuwasha umeme, zungusha mshale wa saa hadi saa sita.” Na je, “mshale husogea hatua tatu tatu” inafaa kuandikwa, au ni ya mazungumzo tu?

JIBU: Maneno yote matatu ni Kiswahili. Ila sentensi yako ndiyo iliyonikalisha kitako, kwa hiyo majina nitayapitia upesi.

Akrabu limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni nge. Kamusi zimelihifadhi nami nalipenda, lakini fundi aliyeshika bisibisi asilazimike kwenda kufungua kamusi. Mkono nalo si la kukataliwa kwa hoja kwamba limeigwa kutoka Kiingereza; mbona tuna mkono wa shati na hakuna anayelalamika? Kikwazo chake ni kwamba kazi yako yenyewe ni ya mikono. “Shika mkono mrefu kwa mkono wa kushoto” ni sentensi ya kumchosha msomaji bure. Baki na mshale. Wengi wetu tulifundishwa kusoma saa kwa mshale mfupi na mshale mrefu, na neno lenyewe linaeleza kazi ya kitu hicho: kuelekeza.

Sasa tuje kwenye sentensi. Neno saa limebeba mizigo mitatu: chombo tunachotundika ukutani, kipimo cha dakika 60, na wakati wa siku, kama tunaposema saa sita. “Mshale wa saa” basi ni upi? Ni mshale wowote ulio ndani ya chombo, au ni ule tu unaoonyesha saa? Mara nyingi ngeli hutuokoa. Nikiandika “mshale wa saa uliosimama”, unajua kilichosimama ni mshale. Nikiandika “mshale wa saa iliyosimama”, unajua ni saa. Hapa ngeli haitufai kitu, kwa kuwa chombo na kipimo vyote ni I-ZI. Andika mshale mfupi na mshale mrefu. Wa tatu uite mshale wa sekunde, maana huo hauna utata.

“Hadi saa sita” ni hatari zaidi. Nilichora duara, nikaandika namba 1 hadi 12, nikawaomba watu wawili, kila mmoja peke yake, wachore mshale mfupi “kwenye saa sita”. Wa kwanza aliuchora ukielekea juu, kwenye 12, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosoma saa sita. Wa pili aliuchora ukielekea chini, kwenye 6, kwa sababu aliona sita imeandikwa pale. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Tunahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, huku namba za uso wa saa zikihesabiwa tangu usiku wa manane, na tofauti ya saa sita ni nusu ya duara kamili. Ndiyo maana tunasoma namba ya upande wa pili bila hata kufikiri.

Mota ya hatua, yaani ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo zinazohesabika, inapowashwa haijui mshale unaelekea wapi. Saketi nayo inahesabu tu hatua kuanzia pale mota ilipoukuta. Kama mota yako ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, aliyeuweka kwenye 6 ameipoteza kwa hatua 100, na saa yake itabaki hivyo siku zote. Baya zaidi, kosa lenyewe linajificha. Ikifika saa tatu asubuhi, mshale mfupi ulitakiwa uwe kwenye 9. Wake utakuwa kwenye 3. Atautazama, ataona tatu, na ataridhika! Mgeni atakayeisoma kwa mazoea ataambulia saa tisa.

Kwa hiyo wakati uuite saa, na mahali kwenye uso wa saa upaite namba. Sentensi yako iwe: “Kabla ya kuwasha umeme, elekeza mshale mfupi na mshale mrefu kwenye namba 12, juu kabisa.” Nimeongeza “juu kabisa” kwa ajili ya anayefunga mishale kabla hajabandika namba. Ongeza na ya kujipimia: “Ikifika saa tatu kamili asubuhi, mshale mfupi uwe kwenye namba 9 na mrefu kwenye namba 12.”

Nimeondoa pia zungusha. Kuzungusha ni kupeleka duara, na msomaji atakuuliza upande gani. Mahali unapolihitaji kweli, usiandike “zungusha kulia”: mshale unaokwenda kulia ukiwa juu huenda kushoto ukifika chini. Andika “kwa mwendo wa saa” au “kinyume cha mwendo wa saa”. Neno kuongoza ulilolitumia kwa saketi ni sawasawa, na sioni sababu ya kulibadili liwe kudhibiti, ambalo lina harufu ya kuzuia. Mota huzungusha, saketi huongoza.

“Hatua tatu tatu” iandike bila wasiwasi. Ni Kiswahili safi: kurudia idadi ndiko kunakobeba maana ya “kila mara”. Hesabu ndiyo haijakaa vizuri, ikiwa mota ya mshale mrefu ni hiyo ya hatua 200 na inauzungusha moja kwa moja bila gia. Hatua tatu kila dakika, kwa dakika 60, ni 180, kwa hiyo saa nzima ikipita mshale utakuwa umefika dakika ya 54 tu. Andika: “Kila dakika mshale mrefu husogea hatua tatu tatu, isipokuwa kila dakika ya tatu, ambapo husogea nne.”