Mwimbaji Akihama, Bendi Haijafa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kondele aliniandikia akiuliza iwapo avunje bendi yake, kwa kuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo wamehamia Nairobi kwa pamoja. Swali hilo limenigusa, maana bendi yetu hapa Kisumu imeachwa na waimbaji wengi, na bado ndiyo inayotafutwa kwanza msimu wa harusi za Desemba unapoanza.

Itazame bendi ya Fleetwood Mac ya Uingereza. Peter Green alipoianzisha London mwaka wa 1967, nyota wa gitaa alikuwa yeye, lakini jina aliliunda kutokana na mpiga dramu, Mick Fleetwood, na mpiga besi, John McVie, ambaye wakati huo hata hakuwa amekubali kujiunga. Green aliondoka mwaka wa 1970. Mwaka uliofuata Jeremy Spencer aliiacha bendi Los Angeles katikati ya ziara, akajiunga na kundi la kidini. Danny Kirwan naye akafukuzwa mwaka wa 1972. Wapiga gitaa watatu walikwenda zao, besi na dramu zikabaki.

Mwaka wa 1974 meneja wao alidai kwamba jina ni mali yake, akapeleka Marekani wanamuziki wengine kabisa walitumie, na mambo yakaishia mahakamani. Nayaelewa hayo, kwani promota mmoja wa huku alibandika mabango yenye jina letu, kisha akapandisha jukwaani vijana wageni wakiongozwa na mpiga solo wetu wa zamani, na kesho yake watu wakanipigia simu wakidai pesa za tiketi ambazo sikuzishika. Simtaji, ingawa anajijua. Jina letu sasa limesajiliwa kama alama ya biashara na KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama hizo, nawe lisajili lako kabla hujanunua hata maikrofoni.

Mwishoni mwa 1974 Fleetwood alimtaka mpiga gitaa Lindsey Buckingham, naye akasema haji bila mwimbaji Stevie Nicks. Waliwachukua wote wawili, bluzi waliyoanza nayo ikabaki nyuma kabisa, na albamu yao ya mwaka wa 1977, Rumours, imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Sisi nasi tulimtaka mpiga gitaa wa Nakuru, akashikilia kwamba haji bila dada mmoja mpiga kinanda. Wenzangu walinung'unika kwamba malipo yatagawanywa mara nyingi mno, nikawaacha wanung'unike. Kinanda kiliingia katika benga yetu, tukaanza nyimbo taratibu kabla ya kuziharakisha, na wageni waliozoea kukaa na soda zao hadi saa nne wakaanza kuinuka saa mbili.

Kwa hiyo, vijana, msimtafute mwimbaji anayefanana na aliyewaacha, kwa sababu mtabaki mkimwimbia mtu asiyekuwepo. Walindeni wanaoshika mdundo, walipeni kwanza, kisha mbadilisheni mengine yote bila woga. Kwetu, kila anayekuja kujaribiwa hupigishwa pamoja na besi na dramu pekee, bila kutajiwa wimbo, na asiyeweza kuwasikiliza wawili hao tunampa nauli ya kurudi kwao.