Samaki wanaopumulia juu alfajiri: mkuu, usiwaongezee chakula

Mkuu wa Bagamoyo uliyeuliza, umesema goldifishi wako sita kwenye tangi la lita 40 kila ukiamka alfajiri unawakuta wote wako juu wanafungua midomo, ukadhani njaa ukawaongezea chakula, halafu ikifika saa nne wanakuwa poa kabisa kama hakuna kitu. Mi hilo lilinikuta hapa Tanga na nilifukia samaki tisa kwa siku moja nyuma ya nyumba, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza hicho chakula acha leo leo. Kile wasichomaliza kinaozea chini kwenye changarawe, na vijidudu vinavyokiozesha navyo vinatumia oksijeni ile ile, sasa we unaona umewashibisha kumbe umewakaba koo. Kuna bwana mmoja mtaani kwetu alikuwa anawapa wake boflo lililobaki la chai ya asubuhi, maji yakawa kama tui. Sijui alitegemea nini.

Yangu ilikuwa Februari, joto lile la Ngamiani shati linakugandia mgongoni hata saa nne ya usiku. Tangi lita 60, goldifishi kumi na moja ndani (najua, ni wengi mno, ila dukani walikuwa wadogo kama kidole na mi ndo kwanza naanza), maji nimejaza mpaka ukingoni ili lipendeze na juu nimefunika kioo kwa ajili ya paka wa jirani. Saa tano umeme ukakatika, nikalala zangu. Saa kumi na moja naamka, namulika na tochi ya simu, wale wakubwa ndo wameshalala ubavu, mmoja matamvua yanapiga haraka haraka, yanasimama, nahesabu mpaka nne, yanaanza tena. Wadogo wamebanana kwenye kona juu kabisa midomo imegusa kioo. Nilitoa kifuniko nikachukua kikombe nikawa nachota maji nainua kama shibiri mbili namwaga, nachota namwaga, karibu dakika arobaini mkono umekufa ganzi. Wakapona wawili, wale wadogo kabisa.

Baadae ndo nikaelewa nilichofanya. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo: lita moja ya maji baridi ya nyuzi 20 inabeba kama miligramu 9, ikifika nyuzi 30 inabeba kama 7 na nusu tu, na hapo ni maji yaliyojaa hewa vizuri. Hewa tunayovuta sisi lita moja ina zaidi ya miligramu 250! Na joto hilo hilo ndo linamfanya samaki ahitaji pumzi zaidi, tena goldifishi asili yake ni wa maji ya baridi, huku pwani tumemleta tu. Na tangi likiwa na majani ya majini, mambo yanageuka usiku. Mchana yanatoa oksijeni, giza likiingia yanavuta kama samaki wenyewe, ndo maana saa mbaya kuliko zote ni ile kabla jua halijachomoza. Wako kuwa poa saa nne ni hilo, umesema mwenyewe una majani mengi na tangi liko dirishani.

Watu wengi wanadhani kazi ya pampu ya hewa ni kupuliza mapovu ili samaki wavute yale mapovu, hapana bana. Povu linapita sekunde moja mbili limeshatoka, linaacha kidogo sana. Kazi kubwa ni kuvuta maji ya chini yaje juu, kama unavyokoroga uji, na kuutikisa uso wa maji maana hewa inaingilia pale. Kwa hiyo jiwe la hewa (kile kijiwe chenye matundu cha mwisho wa mpira wa pampu) liweke chini kabisa na filta mdomo wake uelekeze juu mpaka uone maji yanacheza. Na yale mabakuli ya duara yakijazwa mpaka shingoni uso wa maji unabaki kama kisahani, ukiwa nalo ishia pale penye tumbo pana.

Hata silikanti wetu wa hapa Tanga, yule samaki wa kale, anaishi kina kirefu kwenye maji ya baridi, akipandishwa juu kwenye vuguvugu hakai sana anakufa. Joto na pumzi haviachani.

Pampu ukinunua iweke juu kuliko usawa wa maji au funga kwenye mpira kile kivali kidogo cha kuzuia maji yasirudi. Mi niliiweka sakafuni, umeme ukakatika, maji yakarudi na mpira taratibu mpaka kwenye ekstensheni. Nashukuru umeme ulikuwa haupo. Saivi nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye pawa benki, umeme ukienda naiwasha. Filta ikizimika masaa mengi usiiwashe hivi hivi, vijidudu vizuri vya ndani vinavyosafisha maji vinakufa kwa kukosa hewa na uchafu wote unarudi kwa samaki, isuuze kwanza kwa maji ya tangi, sio ya bomba.

Ila kama wanahema mchana kutwa na pampu inafanya kazi, hapo shuku maji yenyewe, amonia (sumu inayotokana na uchafu wao) imepanda au umebadili maji ya bomba yenye klorini bila kuyalaza kwenye ndoo. Na samaki aina ya beta au gurami kupanda juu kuvuta hewa ni kawaida yao, usihangaike.

Kwako anza hivi: toa maji yashuke kama sentimita 4 kutoka ukingoni, kifuniko weka wavu, punguza majani nusu, chakula mara moja kwa siku kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na tafuta wa kumpa samaki watatu maana lita 40 kwa sita ni foleni ya daladala. Kesho alfajiri kabla hujagusa kitu mulika uangalie matamvua, ulete mrejesho hapa.