Miungu wa kike wa Wahindu: nilivyoona nilipokua nasoma Gujarat

Mkuu umeuliza kama hawa miungu wa kike wa Wahindu ni mmoja au kila mtu kivyake, na nani mkubwa kati yao. Mi nilisoma Vadodara, jimbo la Gujarat huko India, nikapanga kwenye familia ya Wahindu, kwahiyo najibu kwa nilivyoona mle ndani, ya vitabuni wengine watajazia.

Suala la nani mkubwa kule hata halina mashiko sana. Mtu aliyesoma dini atakwambia wote ni Devi, nguvu moja wanayoiita Shakti, inajitokeza kwa sura tofauti, akishika ala ya nyuzi ni Saraswati wa elimu, akikaa juu ya yungiyungi ni Lakshmi wa mali, akipanda simba na silaha mikono yote ndo Durga. Ila mama mwenye nyumba wangu, tulikua tunamwita Masi kama wanavyomwita mama mdogo, kwake wa kwanza alikua Khodiyar Mata, yule anayepanda mamba, kwa sababu ndo kuldevi wao, mlinzi wa ukoo. Kila ukoo una wake, na binti akiolewa kwa kawaida anahamia kwa kuldevi wa mumewe. Harusi ikiisha au mtoto akizaliwa wanapanda gari kwenda kumsalimia hekaluni kwake. Lakshmi zamu yake Diwali, sikukuu ya taa, wafanyabiashara wanaombea vitabu vipya vya hesabu, siku hizi hata laptop inawekwa pale mbele inapakwa alama nyekundu.

Aliyenishangaza zaidi ni Shitala Mata, anapanda punda na mkononi kashika ufagio. Huyu ni wa ndui. Siku yake, Shitala Satam, jiko haliwashwi kabisa, kila kitu kimepikwa jana yake mnakula kikiwa baridi. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 lakini Shitala hajastaafu, akina mama wanamwomba awaepushie watoto tetekuwanga na homa.

Sasa Navratri, sikukuu ya usiku tisa ya huyo mungu mama, Septemba au Oktoba. Kisa chake ni jitu nyati Mahishasura, alipewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayemuua, akavimba kichwa mpaka akawafukuza miungu mbinguni, mwanamke yeye hata hakumhesabu. Miungu wakaunganisha nguvu zao akatokea Durga, Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu akampa chakra, ile silaha ya duara kama kisahani, akamaliza kazi. Kolkata wanatengeneza masanamu makubwa ya udongo halafu mwisho wanayazamisha mtoni, ila Gujarat wao ni chungu cha udongo chenye matundu, ndani kuna taa, na watu wanacheza garba, ngoma yao ya duara, wakikizunguka. UNESCO waliiingiza garba kwenye orodha ya urithi mwaka 2023. Vadodara viwanja vinajaa maelfu kwa maelfu, wengi peku, wanawake na sketi zile pana zenye vioo, na tusidanganyane, vijana wengine wanaenda kutafuta wachumba. Lakini ikifika aarti, ibada ya kuzungusha taa mbele ya mungu, ngoma inasimama, wote wanageukia kwa mungu, hata yule aliyekua anapiga selfi.

Kuna mdau juu huko kasema basi wanawake wa Kihindu lazima wanaheshimika sana. Taratibu mkuu. Kule Assam, jimbo la kaskazini mashariki mwa India, kuna hekalu la mungu wa kike Kamakhya, kila Juni linafungwa siku tatu kwa sababu wanaamini mungu yuko hedhini, na mahujaji wanamiminika, wakifungua wanagombea vipande vya kitambaa chekundu kama baraka. Ila nyumbani kwetu mkwe wa Masi, mke wa mwanae, akiwa kwenye siku zake hasogelei hata kile kihekalu cha ukutani. Nilimuuliza Masi mbona hivyo, akasema ndo desturi, akaendelea kuchambua dengu. Mkwe mwenyewe alikua na maoni yake ila hayo tuyaache. Kwa maoni yangu kumwabudu mama na kumpa mkwe nafasi ni vitu viwili, na sio kwa Wahindu tu.

Uliyeuliza kama mgeni anaruhusiwa kwenye garba, mi sikuwahi kufukuzwa, na hata Dar Wagujarati wanacheza garba kila mwaka. Ukialikwa vua viatu, usikatize katikati ya duara maana pale ndo pa mungu, na usijimalize mapema, mdundo unaanza pole pole ila ikifika saa tano usiku utawaona bibi wa miaka sitini wanakupita.