Usiandike degedege kwa kila msuli unaokaza

Hiyo kazi isiende kwa mchapaji. Umesema unaandaa kipeperushi cha kliniki ya mama na mtoto huko Bahi, umekuta degedege likielezwa kuwa ni "misuli kujikaza bila hiari", na sasa unataka kuliweka kila penye maana hiyo: ukurasa wa watoto, wa wajawazito, hadi kwenye maudhi ya dawa. Halafu unauliza wingi wake na ngeli yake. Ngeli ikikosewa msomaji atakunja uso tu. Neno likikosewa, mtu anabaki nyumbani alipotakiwa kukimbizwa hospitali.

Nami nililisambaza neno hilo vivyo hivyo, kwa kuamini orodha ya istilahi yenye safu mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Aliyeitunga alipachika degedege mbele ya maneno matano tofauti bila kukaa kwenye benchi la zahanati hata asubuhi moja. Angekaa angesikia watu wanavyotenganisha mambo: misuli imenikaza, jicho linanicheza, tumbo linanisokota, kwikwi imenishika, natetemeka kwa baridi. Yote hayo ni misuli inayojiendea yenyewe, na hakuna hata moja linaloitwa degedege. Bado namkasirikia mtu yule.

Kwa mzazi wa Bahi, Chamwino au Kongwa, degedege ni la mtoto mdogo. Macho yanageuka juu, mikono na miguu inarushwarushwa, pengine povu linatoka, ukimwita haitiki. Mara nyingi linaletwa na homa, kati ya miezi 6 na miaka 5.

Sasa tazama ukurasa wako wa wajawazito. Umeandika "degedege ni dalili ya hatari". Mama atausoma, atamgeukia mtoto aliye mgongoni, na ujumbe uliokuwa wake utampita. Hapo neno ni kifafa cha mimba. Lakini nalo usiliache peke yake, maana ndugu watasema "ukoo wetu hauna kifafa" na kuendelea kusubiri. Andika waziwazi kwamba hiki si kile kifafa cha kuanguka mara kwa mara. Kinatokana na ujauzito, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, na kinaweza kumpata hata aliyekwisha kujifungua. Taja yanayotangulia: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba, presha kupanda. Hospitali wana sindano ya magnesiamu salfeti ya kukizuia na kukituliza. Nyumbani hakuna cha kumpa. Ukibakiza neno moja tu sahihi katika kipeperushi chote, liwe hilo.

Kichanga nacho kina neno lake. Aliyekuwa ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kuanzia siku ya 3 hadi ya 28 akashindwa kunyonya, mwili ukakakamaa na kushtuka kila akiguswa au mlango ukigongwa, hiyo ni pepopunda. Ukiandika degedege, mama atatafuta homa, asipoiona atatulia.

Kabla ya kuchagua neno, uliza fahamu. Anakusikia na anakujibu huku msuli umemkaza? Basi andika "misuli kukaza", au "kukakamaa" kama ni mwili mzima na taya limefunga. Haitiki kabisa? Hapo ndipo uchague kwa mwenye mwili: mtoto, degedege, mjamzito au aliyejifungua karibuni, kifafa cha mimba, anayerudiwa mara kwa mara bila homa wala sababu ya kuonekana, kifafa. Lipo degedege la mkono mmoja au upande mmoja ambalo mtoto bado anakutazama. Hilo usilipe jina, eleza linavyoonekana na useme apelekwe hospitali. Kwenye maudhi ya dawa pia, uliza fahamu kwanza. "Misuli kukaza" na "degedege" ni maonyo mawili tofauti, na mzazi akisoma la pili pasipostahili ataacha kumpa mtoto dawa.

Hata pale degedege linapostahili, lisikae bila maelekezo, kwa sababu wapo wanaolihusisha na dege, ndege wa usiku apitaye juu ya nyumba, na njia ya kwanza kwao ni kwa mganga. Mstari huohuo andika: mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimmwagie maji, usimnyweshe chochote hadi azinduke vizuri. Angalia saa. Likipita dakika 5, hiyo ni dharura, mkimbize likiwa bado linaendelea. Likikoma kabla ya hapo, bado apelekwe leo hii akapimwe malaria, na shingo ikiwa ngumu waambie, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Akizinduka na kucheza, wengi huahirisha hadi kesho, kwa hiyo "leo hii" yaandike kwa herufi kubwa.

Anza na ukurasa wa wajawazito, kisha uubandike hapa tuusome kabla hujagusa mwingine.